Ukienda kuona sanaa ya vijijini Japani, nenda wakati wa mavuno

Kuna dada mmoja mchoraji kaniandikia wiki iliyopita, kapata skolashipu ya kwenda Japani, anauliza kama kweli kuna maana ya kuiacha Tokyo na makumbusho yake yote akapoteze wikiendi huko mkoa wa Niigata kuangalia sanaa kwenye majaruba ya mpunga. Nilimjibu kwa kirefu mpaka nikaona bora niiweke hapa wote msome, maana najua wengi wenu humu ni wasanii na tunatafuta kitu kilekile, kazi zetu zionekane na watu wa kwetu wazione ni zao.

Jibu langu ni nenda. Tena nenda mwishoni mwa mwezi wa 9 au mwanzoni mwa wa 10, watu wakiwa shambani.

Mimi nilisoma Minamiuonuma, na ukivuka mlima tu unafika Tokamachi na Tsunan, miji ya mkoa huohuo wa Niigata, ndiko yanakofanyika maonyesho ya sanaa ya Echigo-Tsumari. Yalianza mwaka 2000, yanarudi kila baada ya miaka 3 (Korona iliyasogeza ya 2021 mpaka 2022), na ya 2024 yalikuwa ya 9. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 760, milima na misitu na majaruba ya ngazi, kazi zimetawanyika humohumo kati ya nyumba za watu. Theluji ya huko inapita kimo cha mtu, vijana walishaondoka siku nyingi kwenda mijini, waliobaki ni wazee, na shule zimefungwa kwa kukosa watoto. Hilo ndilo lililoleta sanaa pale, usilisahau hata dakika moja ukiwa unazunguka.

Kuna kijiji kinaitwa Hachi, shule yao ya msingi ilibaki na wanafunzi 3 wa mwisho halafu ikafungwa. Msanii Seizo Tashima akaigeuza mwaka 2009, akawatengeneza wale watoto 3 kwa magogo yaliyookotwa majini na mbegu, akazipaka rangi kali, ukiingia madarasani unawakuta wamerudi shule. Mimi nilikaa mle muda mrefu sana, wenzangu wananiita basi linaondoka siwasikii. Na pale Matsudai, humohumo Tokamachi, kuna kazi ya wasanii mume na mke Ilya na Emilia Kabakov ya mwaka 2000, sanamu bapa za wakulima za buluu na njano zimesimama kwenye majaruba ya kweli, wanalima, wanapanda, wanavuna, na wewe ukisimama ng'ambo unaona maneno ya shairi yanaelea juu yao. Mwenye majaruba yale alikuwa mbioni kuacha kilimo na mwanzo alikataa kabisa, alipoona michoro akakubali. Sasa ukienda mpunga ukiwa umeiva nyuma ya zile sanamu, mimi mtoto wa Kyela niliyekulia kwenye mpunga, sikuweza kuongea.

Sikukuu za mavuno zenyewe hazina tangazo kubwa, kila kijiji na hekalu lake dogo la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, bendera ndefu njiani, ngoma, sake (pombe ya mchele) ya kushukuru. Wanatwanga mochi, donge la wali wa kunata, kwenye kinu, mmoja anashusha nyundo ya mbao na mwenzake analigeuza lile donge kwa mkono uliolowa maji kati ya pigo na pigo, hawaangaliani kabisa, wanasikilizana mdundo tu. Bibi mmoja aliniona nimesimama pembeni akanipa nyundo mkononi. Nikatwanga. Walishangilia kijiji kizima, maana kutwanga sikufundishwa Japani, ndugu zangu. Kuanzia hapo sikuwa mgeni tena, nililishwa wali wa mchele mpya mpaka basi. Ndio maana nasema ukifika shika kazi, usisimame na simu mkononi.

Wengi wanakimbilia handaki la Kiyotsu, lile lenye maji chini yanayoakisi mlima, ni zuri kweli, lina mita 750, lakini ukipiga picha ukaondoka hujaona kitu.

Sasa sikilizeni. Fram Kitagawa, aliyeanzisha maonyesho haya, alipingwa na karibu kila mtu, wenyeji na madiwani, ikabidi afanye vikao zaidi ya 2,000 kabla ya mwaka 2000. Vikao! Mimi niliporudi nyumbani nikapeleka wazo la sanamu mashambani kwenye ofisi moja mjini, nikajibiwa sanaa ya shambani ataiona nani. Bado inaniuma, siwezi kudanganya, kwa sababu aliyesema vile hakufungua hata bahasha ya picha. Wasanii wenzangu tuache kuamini kwamba mtu wa mjini ndiye mwenye ruhusa ya sanaa yetu. Mkulima ndiye mwenye eneo, mwombe yeye.

Tulimwomba mwenyekiti wa kijiji, na mavuno ya mwaka huu tumesimamisha wanyama wa mabua ya mpunga Kyela kwetu. Utaalamu niliuona kule kule mkoa wa Niigata, kwenye bustani ya Uwasekigata, ambako tangu 2008 wakazi na wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Musashino wanatengeneza simba, vifaru na tembo wa mabua juu ya fremu za mbao, makubwa kuliko mtu. Wajapani wanasuka kifaru sisi tunachoma mabua! Watu walikuja kwa miguu, kwa bodaboda, akina mama wakaanza kuimba wenyewe bila kuombwa, na najivunia sana hilo.

Ya safari ni machache: lala kijijini angalau usiku mmoja, treni za Hokuhoku, njia ya reli ya huko, ni chache na vijiji viko mbali na stesheni, kwa hiyo tafuta mwenzako mwenye gari au panda mabasi ya maonyesho. Beba pesa taslimu. Mwaka 2024 kazi nyingi zilifungwa Jumanne na Jumatano, angalia ratiba kwanza. Na shika kazi, nimeshasema.

Kwa wa nyumbani, kikao cha kwanza kisipozaa kitu omba cha pili. Sisi tumeshaomba majaruba mengine ya msimu ujao, mzee mmoja kasema hakubali mpaka aone mfano mdogo kwanza, na fundi anauchonga sasa hivi.