Anayerusha Jiwe Uwanjani Hajapagawa

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: kwa nini watu wapole hugeuka wakali wakifika uwanjani, na kwa nini wachezaji, ambao ndio wangekuwa mfano, hupigana mbele yao? Naona majibu yatakavyokuja: pombe, bangi, malezi mabovu, vijana wa siku hizi. Naomba nafasi ya kutosha kuyapinga, kwa sababu kila tunapoyakubali, yule mwenye uwezo wa kuzuia vurugu anakwenda nyumbani bila kuulizwa chochote.

Mimi ni mshika kibendera katika ligi za chini za mpira wa miguu za huku mashariki mwa Uganda: Busia, Tororo, Mbale. Siku za kazi nafundisha sekondari. Hakuna mtu uwanjani aliye karibu na mashabiki kuliko mshika kibendera. Wako nyuma ya mgongo wake, anasikia kila neno. Nimetukanwa, nimerushiwa mawe na chupa, nimefungiwa chumbani na wenzangu mpaka gari la polisi likaja kututoa. Katika hayo yote sijamwona mtu aliyepagawa. Nimeona watu wanaofanya kile hasa ambacho wenzao wanakitazamia kwao. Hiyo ndiyo hoja yangu: vurugu za michezo, ziwe za shabiki au za mchezaji, kwa sehemu kubwa ni utii. Mtu anatii kundi lake.

Fikra kwamba umati ni kichaa ina historia. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake, huambukizwa hisia za wengine na kushuka ngazi kadhaa za ustaarabu. Aliyasema hayo katika nchi ambayo matajiri wake walikuwa wanawaogopa wafanyakazi wa mjini. Zaidi ya miaka mia imepita na bado fikra hiyo ndiyo inayompangia afande kazi yake siku ya mechi: umati ni hatari, uzuie, ukipiga kelele upige gesi ya machozi.

Sasa tazameni jiwe linakwenda wapi. Bao la dakika za mwisho linakataliwa kwa ofusaidi, kelele zinapanda, mawe yanaanza. Yanakuja kwangu, yanakwenda kwa refa, yanakwenda kwenye basi la wageni. Mama anayeuza karanga na mayai hatua chache kutoka hapo haguswi. Wazee waliokaa chini ya mwembe hawaguswi. Mtoto akianguka, ananyanyuliwa na yule yule aliyekuwa na jiwe mkononi. Watu waliopoteza akili wasingechagua hivyo. Wanasosholojia wa Marekani, Ralph Turner na Lewis Killian, walilieleza jambo hili mwaka 1957. Katika hali isiyoeleweka watu hutazamana. Wachache wanatenda, wengine wananyamaza, na ukimya wao unachukuliwa kuwa ruhusa. Kanuni mpya inazaliwa papo hapo. Nimeiona ikizaliwa, na nimeiona ikifa pia: mzee anayeheshimika akiingia kati na kusema, "Wanangu, basi," mikono inashuka, kwa sababu ruhusa imeondolewa. Kama wangekuwa wamepagawa, mzee yule angepigwa wa kwanza.

Kundi lenyewe linatoka wapi? Halihitaji mengi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwakusanya wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 katika kambi moja huko Oklahoma. Walikuwa wa familia zinazofanana, hawakuwa wakijuana. Akawagawa makundi mawili, kisha akawashindanisha kwa michezo yenye zawadi. Siku chache tu walikuwa wanachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Pale hapakuwa na ukabila, njaa wala pombe. Kulikuwa na kundi, jina la kundi, na zawadi ambayo huyu akiipata yule anaikosa. Kuwalisha pamoja ili wapatane hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida za wote, kama siku maji ya kambi yalipokatika wakalazimika kutafuta chanzo pamoja.

Ingieni kibanda chochote cha mpira hapa Busia siku ya Arsenal na Manchester United mtawaona wavulana wa Sherif wakiwa watu wazima. Majirani wanaokopeshana sukari wiki nzima wanakaa pande mbili, na neno moja la kejeli baada ya bao linaweza kuzaa ngumi. Ongezeni kubeti juu yake. Sheria yetu ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, lakini mimi ni mwalimu na najua tiketi za kubeti zinazotoka mifukoni mwa wanafunzi wangu. Anayeshangilia timu akiwa ameiwekea nauli ya wiki nzima haangalii mpira kama wewe.

Na kuna makundi ambayo yamebeba historia nzito kuliko hiyo. Wengi wetu tunaikumbuka mechi ya uwanja wa Namboole ya mwaka 2003, Uganda na Rwanda, mechi ya kufuzu Kombe la Afrika. Wachezaji wetu walishuku kwamba kipa wa Rwanda ameweka dawa golini. Wakapigana, mchezo ukasimama, polisi wakaingia uwanjani. Jimmy Gatete, mshambuliaji wa Rwanda, aliumizwa kichwani, akarudi, akafunga bao pekee. Mtu anayesema "ilikuwa ushirikina tu" anasahau kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2000, majeshi ya nchi hizi mbili yalipigana kwa siku sita mjini Kisangani, katika ardhi ya Kongo. Mwanasosholojia Neil Smelser aliandika mwaka 1962 kwamba vurugu za umma hazizaliwi na cheche peke yake. Kunatangulia mazingira yanayoziruhusu, dhiki au mvutano wa muda mrefu, na imani ambayo watu wanashirikiana kuhusu nani ndiye chanzo cha ubaya. Namboole vyote vilikuwepo kabla kipenga hakijapulizwa. Dawa golini ilikuwa sababu ya mwisho, na ndiyo ndogo kuliko zote.

Nije kwa wachezaji, maana hapa ndipo nina uchungu zaidi. Kwenye vikao vya nidhamu tunawaita watovu wa nidhamu. Mwaka 1991 wanasosholojia Robert Hughes na Jay Coakley walisema jambo ambalo kila kocha angepaswa kulisoma: wanamichezo wengi huvunja mipaka kwa sababu wameyakubali mno mafundisho ya mchezo. Wamefundishwa kujitoa mhanga kwa ajili ya timu, kucheza na maumivu, kutokubali kwamba kuna lisilowezekana. Wanayashika mafundisho hayo kupita kiasi, na tunawapigia makofi mpaka siku damu inapotoka. Katika mechi moja ya shule nilimsikia kwa masikio yangu kocha akimwambia beki wake, "Namba kumi yao asimalize kipindi." Kijana wa miaka kumi na saba akafanya alivyoambiwa. Alipotolewa kwa kadi nyekundu, wenzake walimbeba mabegani. Namba kumi alibebwa pia, kwenye bodaboda, kupelekwa hospitali akiwa na goti lililovunjika. Niambieni ni nani aliyekosa nidhamu pale. Kijana alitii kuliko mwanafunzi yeyote darasani kwangu. Adhabu ilimwangukia yeye, na kocha akaendelea na kazi yake msimu uliofuata.

Wako wanaosema kwamba michezo ya nguvu inasaidia kutoa hasira, ili watu wasipigane kwingine. Nilikuwa naisikia sana hoja hii kwa walimu wenzangu. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Richard Sipes aliipima kwa kulinganisha jamii 20, 10 zenye desturi ya vita na 10 zisizo nayo. Kama hoja ingekuwa kweli, jamii za amani ndizo zingekuwa na michezo mingi ya kupigana. Alikuta kinyume: 9 kati ya zile za vita zilikuwa na michezo hiyo, na kati ya zile za amani ni 2 tu. Hasira haitoki kwa kuchezewa. Inafundishwa pale, inalelewa pale.

Hata hivyo ugumu wa mchezo wenyewe hautoshi kueleza. Raga ni mchezo wa kugongana, lakini nendeni Kyadondo au Legends, viwanja vya raga vya Kampala, siku klabu ya Heathens inapokutana na Kobs. Wachezaji wanaangushana kwa dakika themanini na mashabiki wa pande zote wanachoma nyama pamoja jioni. Wengi wamesoma shule zile zile, kesho Jumatatu wanakutana ofisini. Tena refa wa raga akinyoosha mkono, nahodha peke yake ndiye anayezungumza naye. Netiboli nayo: timu yetu ya taifa, She Cranes, walimaliza nafasi ya tano Kombe la Dunia la 2023, mchezo una ushindani mkali, ila sijawahi kusikia basi la netiboli limevunjwa vioo. Kanuni ya kundi la wanaume vijana kwamba anayeonewa na asijibu si mwanaume, haina nafasi pale. Katika mpira wetu wa miguu ina nafasi ya mbele kabisa.

Kuhusu umaskini nitasema kidogo. Ian Taylor wa Uingereza aliandika mwaka 1971 kwamba wafanyakazi waliona klabu zao zikichukuliwa na wenye fedha, na fujo zikawa njia ya kudai kilicho chao. Eric Dunning na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester waliangalia zaidi mitaa ambamo ubabe ndio unaompa kijana heshima. Kuna ukweli pande zote mbili. Lakini maskini wa Tororo wanakwenda kanisani, msikitini, sokoni na matangani kwa maelfu, wala hawarushi mawe. Umaskini peke yake haujibu swali lenu.

Kinachojibu ni haki. Katika ligi tunazochezesha, mara nyingi timu ya nyumbani ndiyo inayotupa nauli na posho. Wakati mwingine tunapewa bahasha kabla ya mechi, mbele ya macho ya wageni. Baada ya hapo naomba niaminiwe nikinyanyua kibendera! Shabiki wa timu ngeni hahitaji bangi kuamini kwamba ameibiwa. Anajua pia kwamba rufaa itasikilizwa na watu ambao hawezi kuwafikia. Basi kundi linajifanya mahakama, linatoa hukumu na kuitekeleza kwa jiwe. Simtetei, maana mawe hayo yananipata mimi. Nasema kwamba posho ya refa ikitoka mfuko wa chama, ikalipwa kimya kimya baada ya mechi, sababu moja kubwa ya mawe inaondoka, na hilo halihitaji hata polisi mmoja.

Na polisi wenyewe? Januari 2023, baada ya Arsenal kuifunga Manchester United 3–2, polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki wa Arsenal waliotembea barabarani wakiwa na jezi nyekundu na kikombe, kwa kosa la maandamano bila kibali. Watu walikuwa wanafurahi. Ukimtendea anayefurahi kama mhalifu, unamfundisha kwamba aliyevaa sare ni timu pinzani. Wanasaikolojia Clifford Stott na Stephen Reicher wamelichunguza hili kwa miaka mingi. Polisi wakiwapiga wote bila kuchagua, wale waliokuwa watulivu wanaungana na wachache wenye fujo, kwa sababu sasa wote wako upande mmoja. Katika Euro 2004 huko Ureno, polisi wa mijini walikwenda kwa utaratibu mwingine. Walivaa sare za kawaida, wakazungumza na wageni, na kikosi cha fujo kikakaa mbali mpaka kiitwe. Mashabiki wa Uingereza, waliokuwa wakiogopwa Ulaya nzima, walikaa kwa amani katika miji hiyo. Fujo zilitokea Albufeira, ambako kikosi kingine cha usalama hakikufuata utaratibu huo.

Tena hesabuni wafu. Lima, Peru, Mei 1964: bao lilikataliwa, polisi wakapiga gesi, milango ilikuwa imefungwa, wakafa zaidi ya 300. Accra, Mei 2001: mashabiki waling'oa viti wakavirusha, polisi wakapiga gesi, milango ilikuwa imefungwa, wakafa zaidi ya 120. Malang, Indonesia, Oktoba 2022: gesi tena, wakafa 135. Kanuni za FIFA za usalama wa viwanja zinakataza gesi hiyo na bunduki kutumiwa na wasimamizi wa umati uwanjani. Hillsborough, Uingereza, 1989, hapakuwa na vita vya mashabiki hata kidogo. Watu 97 walikufa kwa kubanwa, walevi wakalaumiwa, na mwaka 2016 baraza la uchunguzi likaamua kwamba walikufa kwa makosa ya waliokuwa wakisimamia, wala si ya mashabiki. Hapa jirani, uwanja wa Nyayo, Nairobi, Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards, walikufa 7 kwenye msongamano wa getini. Jiwe la shabiki linavunja kichwa kimoja. Geti lililofungwa linaua mtaa mzima.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, msituhubirie sisi mashabiki na vijana wetu tu. Waulizeni wenye klabu na wenye viwanja maswali haya: nani anamlipa refa? Kocha aliyetoa amri ya kuvunja goti amefungiwa mechi ngapi? Wale makanyama, yaani mabaunsa, mnaowaweka mlangoni wamefundishwa nini zaidi ya kusukuma? Na ufunguo wa geti la nyuma uko kwa nani dakika ya themanini? Mara nyingi nikiuliza swali hilo la mwisho kabla ya mechi naambiwa, "Yuko nao mtu mmoja, ametoka kidogo." Nimeanza kukataa kuchukua nafasi yangu pembeni mwa uwanja mpaka mtu huyo aje asimame getini, na refa wa kati huniunga mkono. Timu zinanung'unika, mechi zinachelewa kuanza. Zichelewe.

Msomaji wenu, Busia