Chaji kwanza, fomula baadaye

Ninapomfundisha mtu kuandika fomula za kampaundi za ayoni (atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme), sianzi na ile mbinu ya kupishanisha valensi, yaani namba za uwezo wa kila elementi kuungana, namba ya huyu ikashuka chini ya yule. Jibu huitoa, lakini sababu haiitoi. Mwambie aliyeikariri aandike oksidi ya magnesiamu: mara nyingi utaona Mg₂O₂, naye ameshaweka kalamu chini.

Mimi huanzia kwenye elektroni. Sodiamu inazo 11, zimepangwa 2, 8, 1. Ile moja ya nje ikiondoka, tunabaki na Na⁺. Klorini, yenye 2, 8, 7, huipokea ikawa Cl⁻. Chaji chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio bondi yenyewe. Hapa huwa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo mengi hufunguka. Ndani ya fuwele ya chumvi kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ 6, na kila Cl⁻ imezungukwa na Na⁺ 6. Hakuna sodiamu yenye klorini yake peke yake. Kwa hiyo NaCl inatupa uwiano tu, na uwiano huandikwa kwa namba ndogo kabisa zinazowezekana. Mg₂O₂ inakuwa MgO.

Basi andika ayoni zote mbili pamoja na chaji zake, kisha utafute idadi itakayofanya jumla iwe sifuri. Al³⁺ na O²⁻ zinakutana kwenye 6: alumini mbili, oksijeni tatu, Al₂O₃.

Ayoni za makundi, kama OH⁻, NO₃⁻, SO₄²⁻, CO₃²⁻ na NH₄⁺, zikariri pamoja na chaji zake. Kundi likihitajika zaidi ya mara moja, lifungie mabano: Ca(OH)₂. Ukiandika CaOH₂ umepoteza oksijeni moja.

Chuma nacho kina Fe²⁺ na Fe³⁺, kwa hiyo soma namba ya Kirumi kwenye jina: kloridi ya chuma(II) ni FeCl₂, ya chuma(III) ni FeCl₃.

Na usipunguze namba kwa mazoea. Peroksidi ya sodiamu ni Na₂O₂, nayo hubaki hivyo hivyo, kwa kuwa O₂²⁻ ni ayoni moja yenye atomu mbili zilizoshikana. Ukiandika NaO, umeikata ayoni katikati.