Mchango wa watoto wanaougua tumbo upelekwe wapi?

Dadangu, umesema chama chenu cha Kisauni kimechanga shilingi 30,000 za watoto wanaougua tumbo, na unauliza mpeleke hospitali au kwenye utafiti.

Mimi ningeenda hospitali. Pale Coast General, Makadara, ulizieni afisa wa ustawi wa jamii kabla hamjanunua chochote. Bili ya mtoto ilipwe kwa keshia na mpewe risiti. Pesa taslimu msimshikishe mtu mkononi, hata awe na koti jeupe.

Na tafadhali, msibebe makatoni ya juisi! Chama chetu tuliwahi kufanya hivyo, nesi akatucheka kwa upole: sukari ile humzidishia mtoto kuhara. Akatuonyesha mama akimnywesha mwanawe ORS, dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, kijiko kimoja kimoja, na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Bei yake haitishi.

Utafiti una faida, ndio uliotuletea chanjo ya rotavirusi, kirusi kinachowaharisha watoto, inayotolewa Kenya tangu 2014. Lakini unakula mamilioni. Nyinyi waulizeni kina mama wenye vichanga kama wamewapa watoto chanjo hiyo, kuanzia wiki ya 6. Hiyo ni bure.