Kulinda kinanda cha kwaya dhidi ya umeme unaokatika

Mkuu, umeuliza kama UPS ya kompyuta, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, inafaa kwa kinanda cha kwaya, maana kwenu umeme hukatika katikati ya ibada na sasa adapta ya pili imeungua. Inafaa sana. Mimi napiga kinanda kanisani hapa Morogoro, na jirani yangu ni fundi anayeletewa vinanda vya makanisa mengi, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Kukatika kwenyewe ni nadra kuua kinanda. Kinachoua ni umeme unaporudi haujatulia: unapanda, unashuka, unakatika tena, na friji na pampu za mtaa mzima zinaanza kuvuta kwa pamoja. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ikilegea kwenye laini ndiyo balaa kabisa, soketi ya 230V inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Kuna adapta niliona ikifunguliwa: kapasita kubwa ya mwanzo (kile kikopo kinachohifadhi chaji, kimeandikwa 400V) imevimba kichwani na kuvuja, na kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi. Kinanda chenyewe kilikuwa kizima, na mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba bodi ya ndani yenye saketi imekufa. Tafadhali, kabla hujakubali kununua bodi, adapta ipimwe kwanza.

La kufanya leo bila gharama: umeme ukikatika, mwanakwaya mmoja awe na jukumu la kuchomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe cha kinanda hakutoshi, adapta bado ipo kwenye laini. Umeme ukirudi, subirini kama dakika tano ndipo mchomeke.

Sasa UPS. Adapta ya Yamaha PA-300C, inayotumika kwenye vinanda vingi vya PSR-S, inatoa 16V na 2.4A, yaani chini ya wati 40. UPS ndogo ya 650VA inabeba mzigo huo pamoja na miksa ndogo bila shida, na wimbo mtaumaliza. Chagua yenye AVR (kisawazisha volti) ndani, itasawazisha volti zikishuka au kupanda kidogo. Amplifaya na spika zenye amplifaya ndani zisiguse UPS hiyo hata kidogo. Besi ikipigwa kwa nguvu UPS italemewa na kuzima kila kitu. Kama mfuko wa kwaya hauruhusu, nunueni kifaa cha kulinda friji. Hakitazuia kinanda kuzimika, lakini kinakata volti zikizidi na kinasubiri kabla ya kurudisha umeme. Ekstensheni za bei poa zenye taa nyekundu msizitegemee, nyingi nilizoona zikifunguliwa ndani ni nyaya na swichi tu.

Mkiwa na jenereta, iwashwe, itulie, ndipo kinanda kichomekwe. Mafuta yakikaribia kuisha injini huyumba na volti nazo huyumba, kwa hiyo ongezeni mapema.

Halafu kuna data, na hapa ndipo wapigaji wengi wanalia. Usihifadhi staili (midundo) wala registresheni (mipangilio ya sauti uliyoiweka) wakati taa zinamemeta. Umeme ukikatika kinanda kikiwa kinaandika kwenye flashi, faili linaweza kuharibika, na pengine flashi nzima isisomeke. Hifadhi nyumbani kwa utulivu, na nakala nyingine iwe kwenye kompyuta. Pia usidhani betri za ndani zitapokea zamu. Yamaha wenyewe wanaonya kwenye miongozo ya baadhi ya vinanda vidogo vya PSR-E kwamba kuchomoa adapta betri zikiwamo kunaweza kukizima kinanda na kupoteza kinachorekodiwa.

Kuhusu adapta mpya unayotafuta: usichukue yoyote kwa sababu tu kichwa kinaingia. Volti zilingane na zilizoandikwa kwenye kinanda, ampea ziwe sawa au zaidi, na uangalie kale kamchoro ka duara kenye alama za + na − karibu na tundu. Yamaha huwa na chanya katikati, Casio za zamani zinazotumia adapta ya AD-5 zina hasi katikati. Ukigeuza hapo, unaweza kuua bodi kweli, na UPS haitakusaidia. Taja modeli ya kinanda chenu hapa, nikwambie namba ya adapta yake.