Kituo kipo, walalamikaji hawaji

SWALI: Ninaongoza kituo cha polisi katika eneo lenye watu wa lugha na dini nyingi, wakiwemo wahamiaji na wakimbizi. Kuna mtaa mmoja ambao hautuletei kesi kabisa, ingawa tunajua wizi upo na vipigo vya majumbani vipo. Tumeitisha mikutano mitatu, wakaja wazee wale wale. Sasa wakubwa wangu wanataka niandae semina ya siku moja kuhusu mila za jamii hizo. Je, itasaidia? Na kama haitoshi, nianzie wapi?

JIBU: Afande, semina ifanye, ila usiitegemee. Askari wako watatoka humo wakijua wapi pa kuvua viatu na nani asipewe mkono. Ni adabu njema. Lakini aliyeacha kuja kituoni hakuacha kwa sababu ya viatu. Mara nyingi aliacha siku aliyosimamishwa njiani, akapekuliwa mbele za watu, akaachiwa bila kuambiwa alishukiwa nini. Kwa askari hilo lilikuwa jambo la dakika tatu na amekwisha kulisahau. Yeye alifika nyumbani akalisimulia, na wote waliomsikiliza nao wakawa kama wamepekuliwa.

Kwa hiyo anza na madaftari yako kabla ya mila za watu. Chukua miezi sita: ni watu wangapi mmewasimamisha katika mtaa huo, na wangapi kati yao walikutwa na chochote? New York mwaka 2011 polisi waliandikisha zaidi ya visa 685,000 vya kusimamisha watu, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba jinsi zoezi hilo lilivyoendeshwa ilivunja katiba. Idadi ikashuka hadi chini ya 50,000 mwaka 2014, na mauaji yaliyotabiriwa kupanda hayakupanda. Kama daftari lako halionyeshi sababu ya kumsimamisha mtu, hilo lenyewe ni jibu.

Baada ya hapo fundisha namna ya kumsimamisha mtu. Tangu miaka ya 1980, tafiti za mwanasaikolojia wa Marekani Tom Tyler na wenzake zimekuwa zikionyesha kwamba watu humpima askari kwa jinsi alivyowatendea zaidi hata ya kwa matokeo waliyopata. Amenipa nafasi ya kusema? Ametumia kipimo kile kile kwa wote? Amenieleza sababu? Amenistahi? Aliyeandikiwa faini kwa utaratibu huo huondoka na kinyongo kidogo kuliko aliyesamehewa kwa matusi.

Hili lilijaribiwa Queensland, Australia, kwenye vizuizi vya kupima ulevi wa madereva. Kupima kwa kawaida kulichukua kama nusu dakika. Kundi jingine la askari wakapewa maneno ya kusema: kwa nini tunapima, kwa nini tumekusimamisha wewe, una lolote la kutuambia. Ikafika kama dakika moja na nusu, na madereva wakaondoka na mtazamo mzuri zaidi juu ya polisi. Dakika moja tu, Afande.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Jaribio hilo lilirudiwa Scotland na likaenda kombo: madereva waliosomewa maneno hayo walikuwa na imani ndogo zaidi kwa polisi. Watafiti walipoenda kuwauliza askari wenyewe, wakakuta watu walioshushiwa amri bila maelezo, waliojiona hawasikilizwi na wakubwa wao. Askari hawezi kutoa kwa raia kile ambacho hapewi kazini. Anayepangiwa lindo mfululizo bila kuulizwa na kukaripiwa gwarideni mbele ya wenzake, umpe karatasi ya maneno matamu, ataisoma kama adhabu. Ningekuwa wewe, kabla ya kuwafundisha maneno hayo ningetengeneza kwanza zamu, likizo na namna unavyopokea malalamiko ya askari wako.

Kaunta ya kituo ni jambo jingine. Nani anatafsiri pale? Usikubali kabisa mtoto amtafsirie mama yake aliyepigwa, wala mume, wala shemeji, wala jirani aliyejitolea kwa sura ya huruma. Maelezo yakipita mdomoni mwa mtu mwenye maslahi, jalada limekwisha kuharibika. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 14, unampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa na mkalimani wa bure asipoifahamu lugha ya mahakama. Mlalamikaji naye mtendee hivyo hivyo. Weka orodha ya wakalimani wanaopatikana kwa simu, na wanawake wawe humo. Halafu wahamiaji waambie waziwazi kama mtu akija kushtaki wizi ataulizwa vibali au la. Kama ataulizwa, hata mkalimani hatakusaidia: hawaji.

Kuajiri vijana wa jamii hizo ni kuzuri lakini ni kazi ya miaka. Ireland ya Kaskazini ilianza mwaka 2001 kuajiri Wakatoliki nusu kwa nusu na wasio Wakatoliki. Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 ya jeshi la polisi, na walifika kama asilimia 30 mwaka 2011. Ukimpata mmoja, usimfanye balozi wa kabila lake wala mkalimani wa bure wa kituo kizima.

Mikutano nayo ipunguze. Wewe nenda kwao: sokoni, kwenye nyumba za ibada, kwa kina mama wanaokopeshana. Nenda siku ambayo huna wa kumtafuta.

Na wakikuletea taarifa, zifanyie kazi. Stephen Lawrence, kijana mweusi, alipouawa London mwaka 1993, watu waliwatajia polisi majina ya washukiwa katika siku za mwanzo kabisa. Kukamata kukaanza baada ya wiki mbili. Tume ya Macpherson, iliyochunguza upelelezi huo, ilieleza mwaka 1999 jinsi uzembe, uongozi mbovu na ubaguzi wa kitaasisi vilivyoiharibu kesi hiyo. Wawili walikuja kupatikana na hatia mwaka 2012. Kwa hiyo fungua majalada machache yaliyotoka mtaa huo, hata kama ni manne tu, na leo jioni wapigie walalamikaji simu uwaambie kesi zao zimefikia wapi.