Maswali Yenu: Taya Baada ya Upasuaji

Shikamooni. Mwanangu ana miaka 11. Akiwa mdogo alianguka kutoka kwenye mparachichi, akapiga kidevu, na taya likaganda taratibu hadi kijiko kikawa hakipiti. Amefanyiwa upasuaji, leo siku ya kumi. Tulipewa vijiti vya kufungulia mdomo, lakini analia sana, na bibi yake anasema tumwache kwanza kidonda kipone. Tufanyeje? – Mama wa Majengo, Moshi

Marahaba. Bibi ana huruma, ila kwa kiungo cha taya kusubiri ndiko kunakorudisha ugonjwa. Daktari ameondoa mfupa uliounganisha taya na fuvu, akaacha mwanya wa sentimita moja hivi, na mara nyingi hutandika hapo kipande cha msuli wa panjani ili mifupa isikutane tena. Damu iliyobaki mwanyani hugeuka kovu, na kwa mtoto kovu hilo huweza kugeuka mfupa upesi. Kinachozuia ni mwendo, kila siku.

Kilio kinapunguzwa kwa kupanga muda. Mpe dawa ya maumivu dakika 30 hadi 45 kabla ya zoezi, siyo baada. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 28 anapata 420, yaani mililita 17.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Soma chupa kwanza, kwa sababu zipo pia za 250, na usimpe zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Kisha mwekee shavuni kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi.

Vijiti vikae kati ya magego, siyo meno ya mbele, ambayo hulegea yakibanwa. Kwa umri wake pia kuna meno ya utoto yanayotikisika, na jino likichomoka anaweza kulivuta kwenye njia ya hewa. Yaguse kwanza kwa kidole, kisha chagua gego la kudumu lililo imara. Unapoongeza kijiti, kipenyeze katikati ya rundo; ukikiweka juu au chini kinakwaruza fizi. Kidevu kikivutwa upande uliopasuliwa, akae mbele ya kioo na akirudishe katikati kwa kiganja. Mpango unaotumika sana ni wa saba: kunyoosha mara 7, kila mara kushikilia sekunde 7, na kurudia mara 7 kwa siku. Karatasi mliyopewa hospitali ikisema vingine, fuateni hiyo. Mwalimu naye aambiwe, maana mizunguko miwili itaangukia saa za shule.

Pimeni kila asubuhi kwa rula, kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya lile la chini, meno yale yale siku zote. Rula nyingi za shule zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Ikateni hapo, la sivyo kila kipimo kitakuwa cha uongo. Msitegemee idadi ya vijiti, unene wake hutofautiana. Ulizeni mdomo ulifunguka milimita ngapi kwenye chumba cha upasuaji: lengo ni kukaa karibu na hapo, na wengi hutaka 35 au zaidi. Namba ikishuka siku tatu mfululizo, rudini kliniki bila kungoja tarehe. Kazi hii ni ya miezi 6 kwa uchache, na madaktari wengi hutaka mwaka mzima.

Wasomaji wengine, tafadhali msiige vijiti hivi. Aliyerekebishiwa kisahani cha kiungo (kitu laini kilicho kati ya mifupa ya taya na fuvu) au kuwekewa kiungo bandia ana ratiba tofauti kabisa.

Naendesha bodaboda hapa Sakina. Tangu nipasuliwe mbele ya sikio, nyusi moja hainyanyuki na jicho halifungi lote. Nimekatwa mshipa?

Kwa kawaida hapana. Tawi la neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaosogeza misuli ya uso, hupita hapo hapo mbele ya sikio, na huvutwa ili daktari akifikie kiungo. Neva iliyovutwa huzinduka kwa wiki kadhaa hadi miezi 6. Mwonyeshe daktari wako hata hivyo, aandike hali ilivyo leo.

Cha kulinda sasa ni jicho. Tumia matone ya machozi bandia kila baada ya saa mbili mchana na mafuta ya macho usiku. Ukilala, shusha kope kwa mgongo wa kidole, kisha bandika plasta laini kutoka kopeni hadi shavuni. Usiweke pamba juu ya jicho lililo wazi, itakwaruza kioo cha jicho. Likiuma, likiwa jekundu au ukiona ukungu, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Pikipiki iache kwanza. Upepo na vumbi vinakausha jicho, na helmeti inakandamiza kidonda. Kuivua helmeti si jibu.

Nilisafishwa kiungo kwa sindano jana. Meno ya upande huo hayakutani. – Njiro

Ni maji yaliyobaki ndani ya kiungo, yanasukuma taya chini kidogo. Hupungua kwa siku chache. Usilazimishe kung'ata, na ukipiga miayo weka ngumi chini ya kidevu. Ikizidi wiki, rudi.

Nimeambiwa vyakula laini wiki sita. Nimeshapungua kilo tano na uji umenichosha. – Himo

Tatizo la uji ni maji mengi na nguvu kidogo. Badilisha nusu ya maji kwa maziwa, na kila bakuli la uji wa ulezi uongeze kijiko kikubwa cha siagi ya karanga iliyo laini. Kula mara sita kidogo kidogo, na ujipime uzito kila wiki.

Himo mna mtori, tumieni. Chemsha nusu kilo ya nyama hadi iachie mfupa, kisha isage peke yake na supu kabla ya kuchanganya na ndizi. Ukisaga vyote pamoja, nyuzi za nyama hubaki na kunasa kwenye waya au raba za meno. Chuja, kisha malizia kwa maziwa. Parachichi na mayai laini yapo pia. Kiburu, yaani ndizi na maharage, kisubiri, maganda ya maharage ni magumu kwa sasa. Kipimo chetu: kisichopondeka kwa ulimi dhidi ya kaakaa, bado. Miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii viwe vya mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari.

Baada ya kula, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, usaha, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne ni safari ya hospitali. Ukishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, nenda saa hiyo hiyo.

Miezi minane baada ya upasuaji, shavu linatoka jasho nikila. Ni nini? – Ngaramtoni

Neva za mate zilipoota upya zimeshika tezi za jasho. Haina hatari. Kizuia jasho cha kupaka kinasaidia wengi, mbali na jicho. Kikishindwa, kuna sindano ya botoksi kwa daktari bingwa, ambayo nguvu yake huisha na hurudiwa.