Kanuni iliyofungiwa kabatini

SWALI

Shikamoo shangazi. Marehemu baba alituachia ploti ya futi 50 kwa 100 huku Kisauni, Mombasa. Hati ipo. Ndugu watatu tumekubaliana tujenge nyumba ya ghorofa: chini akae mama, juu tupangishe. Fundi alipeleka ramani kaunti, akarudi akisema eneo letu ghorofa haziruhusiwi. Nikaenda mwenyewe kuuliza hayo yameandikwa wapi, nikajibiwa, "Hiyo ni kanuni ya ndani." Jirani, nyumba tatu kutoka kwetu, amejenga hadi ghorofa ya nne. Fundi anasema tutoe ya chai, mambo yaishe. Tufanyeje?

Msomaji, Kisauni

JIBU

Marahaba mwanangu. Msitoe hata shilingi.

Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa dirisha kama hilo, karani wa mipango katika baraza la mji mmoja hapa pwani. Ramani ya mji, kahawia kwa makazi na zambarau kwa viwanda, ilikaa kwenye kabati la bati, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Akienda msibani, hakuna aliyejua pajengwe nini wapi. Mama mmoja alinijia mara nne kwa ajili ya vyumba viwili vya uani. Mara zote nne nilimwambia kanuni hairuhusu, na mimi mwenyewe kanuni hiyo sikuwahi kuisoma. Mara ya nne aliikunja ramani yake kidogo kidogo, akaitia kwenye mfuko wa sukari, akaondoka. Sijamsahau.

Kwa hiyo jua hili: bado hamjakataliwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaitaka kaunti ijibu kwa maandishi, na ikikataa itaje sababu. Barua hiyo ndiyo itakayowawezesha kukata rufaa kwenye kamati ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14, na mkishindwa hapo, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Maneno ya dirishani hayakatiwi rufaa.

Sheria hiyo hiyo inasema ombi likikaa siku 60 bila jibu la maandishi, huhesabiwa limekubaliwa. Lakini msikimbilie kuchimba msingi. Maombi huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na yakipokelewa huacha namba na risiti. Mwambie fundi aitoe risiti. Akianza kuzungukazunguka, basi huenda ramani yenu haikuvuka hata geti la kaunti.

Kisha ifungueni hati ya baba msome masharti yake. Kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, mara nyingi pana masharti maalum, kwa mfano nyumba moja ya familia moja tu. Kama ndivyo, kilichowafunga ni hati yenu wenyewe, na dawa yake ni kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi. Pengine jirani alifanya hivyo. Maombi ya ujenzi yanatakiwa yatangazwe kwa umma, kwa hiyo kumuuliza si uchokozi.

Sasa hiyo "kanuni ya ndani". Kanuni za idadi ya ghorofa, sehemu ya ploti inayojengwa na umbali kutoka mpakani zipo, na nyingine nazitetea. Sehemu kubwa ya Kisauni haina bomba la maji taka. Shimo la choo cha wapangaji kumi likiwa hatua chache kutoka kisima cha jirani, hata mimi ningekataa. Lakini ningekuandikia hivyo, uchore upya ukijua unachorekebisha. Kumwambia raia kwamba sheria inayomzuia kujenga kwake haimhusu kuisoma ni dhuluma, na mimi niliishiriki.

Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuidai kanuni hiyo. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema, na hulazimiki kueleza unaitakia nini. Andika hivi:

"Naomba nakala ya mpango wa matumizi ya ardhi na kanuni za ujenzi zinazohusu ploti yetu, Kisauni: idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa, sehemu ya ploti inayoruhusiwa kujengwa, tarehe kanuni hizo zilipopitishwa na aliyezipitisha."

Taja namba ya ploti. Peleka nakala mbili za barua hiyo, yako igongwe muhuri wenye tarehe, na usiondoke bila muhuri huo. Wana siku 21. Wakinyamaza, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Gharama mnayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala, na mdai risiti yake.

Nakala ikifika, niletee. Tutaichapa ukurasa huu huu, majirani zako nao waisome.